Okidi Inayonukia Hadi kwa Jirani: Vidokezo 12 vya Kumlea Mpangaji wa Juu Mtini

Haya, tuambizane ukweli. Ile okidi ya dukani, yenye maua mapana ya zambarau, umeiinamia, ukavuta pumzi hadi mapafu yakajaa, na hukupata kitu. Pua yako haina kasoro. Nyingi ya okidi hizo huzalishwa kwa sura na kwa ua linalokaa wiki nyingi bila kunyauka. Harufu haikuingizwa kwenye hesabu. Sasa sisi, watu wa vikuba, asmini na kilua, tutaridhika vipi na ua bubu?

Zipo zinazonukia, tena kubwa. Zipo za kukutoa jikoni mwiko mkononi ukaulize barazani kuna nini. Mojawapo ni mzaliwa wa pwani yetu hii hii. Na kuzilea si kazi ya mtu aliyestaafu. Dakika chache asubuhi zinatosha, ilimradi ukumbuke jambo moja: hawa ni wapangaji wa juu mtini. Hushika gome la mti kwa mizizi, hunywa mvua inayopita, hupigwa na upepo mchana kutwa, wala hawamnyonyi mwenye nyumba hata tone. Kila ukikwama, jiulize: huko juu ya tawi ingekuwaje?

1. Nunua kwa pua, tena jioni

Wengi wetu huenda kitaluni saa nne asubuhi, tunanunua kwa macho, kisha tunalalamika. Okidi nyingi nyeupe za kundi la Angraecum, ambalo kwao ni Afrika na Madagaska, mchana huwa kama zimelala. Giza likianza kuingia ndipo zinapofungua chupa ya manukato. Nenda saa kumi na mbili jioni, muuzaji akiwa anafunga: ua litakuwa limeamka, na bei nayo huwa imelegea kidogo. Cattleya, wageni kutoka Amerika ya Kusini, ni kinyume. Nyingi hunukia asubuhi jua likishapanda.

Na usihukumu kwa jina. Kuna okidi ya Asia iitwayo Dendrobium anosmum, ambayo mabua yake huning'inia hata zaidi ya mita moja yakiwa yamejaa maua ya zambarau. Neno anosmum maana yake ni "isiyo na harufu". Ikichanua, harufu yake tamu kama ya matunda inajaza veranda nzima! Huenda siku ile mbatizaji alikuwa na mafua.

2. Chagua kwa anwani yako

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tulia nami kidogo.

Kama unaishi kwenye joto, yaani Dar, Tanga, Unguja, Mombasa au Malindi, anza na mwenyeji: Angraecum eburneum wa aina ya giryamae. Ndiyo, jina hilo limetokana na Wagiriama. Huota yenyewe kwenye miti na juu ya miamba ya matumbawe ya pwani ya Kenya na Tanzania, majani yake ni marefu kama mikanda, na maua yake yenye mdomo mweupe hujipanga kwenye kikonyo kimoja kama watu kwenye foleni. Usiku hunukia vizuri mno. Umewahi kuona mgeni anayependa chumvi ya upepo na joto la Februari? Huyu amezaliwa humo. Mwenzake wa Madagaska, Angraecum sesquipedale, ana nyota kubwa zaidi, nyeupe kama nta, na joto la pwani linamfaa pia. Ukipata Rhynchostylis gigantea kutoka Asia, au Vanda tricolor, zote mbili zinanukia na zote mbili hupenda joto.

Kama uko Nairobi, Arusha, Iringa au Mbeya, mambo mengine. Hapo Cymbidium ndiyo malkia, kwa sababu inahitaji usiku wa baridi ili ifanye maua. Ukiipeleka Mombasa itakupa majani kama ya mchaichai miaka nenda miaka rudi, na ua hutaliona. Ila si Cymbidium zote zinanukia, kwa hiyo rudi kwenye kidokezo cha kwanza: tanguliza pua. Cattleya nazo hukaa vizuri huko zikikingwa na usiku mkali.

Na yule wa madoadoa, Ansellia africana, okidi chui? Huyo ni wetu kutoka Kenya hadi Afrika Kusini. Mabua yake hunenepa na kurefuka kama miwa midogo, maua ni manjano yenye mabaka ya kahawia. Harufu yake ni ya upole, lakini kwa ukubwa hakuna wa kumdharau.

3. Sahau udongo

Hata ule mweusi mzuri wa bustani. Hata wenye samadi. Udongo huziba mizizi iliyozoea hewa, na mmea hufa kwa kukosa pumzi huku wewe ukidhani una kiu.

Kinachofaa tunacho tele: makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa vipande vya ukubwa wa kiberiti, yakachanganywa na mkaa uliovunjwa kiasi cha dole gumba. Makumbi hushika maji, mkaa huacha njia ya hewa na hauozi upesi. Lakini angalia: makumbi yaliyofukiwa ufukweni ili kutoa usumba wa kamba yamekunywa chumvi ya bahari, na chumvi huchoma mizizi ya okidi. Chukua makumbi makavu ya jikoni, uyaloweke kwenye ndoo ya maji baridi siku tatu, ukibadilisha maji kila siku mpaka yaache kutoa rangi ya chai.

Chombo kiwe na matundu mengi. Chungu cha udongo kilichotobolewa ubavuni, kikapu cha vipande vya mbao, au hata kipande cha gogo chenye gome gumu. Wengine hutumia vifuu vya nazi kwa miche midogo, na kwa kweli hupendeza, ila okidi mkubwa atakivunja kifuu chako mapema.

4. Soma mizizi kabla ya kushika kopo

Okidi yangu ya kwanza niliiua kwa mapenzi. Kila asubuhi kopo, kila jioni kopo, na nilikuwa nikijisifu. Mwezi wa tatu niliivuta, ikatoka chunguni bila hata mzizi mmoja mzima. Kilichobaki ndani kilikuwa kama tambi za juzi.

Laiti ningejua kwamba mmea wenyewe husema. Mzizi wa okidi umevaa ganda linalofyonza kama sponji. Likikauka huwa jeupe au la kijivujivu. Likilowa hugeuka kijani mbele ya macho yako. Basi: mizizi ikiwa kijani, weka kopo chini uendelee na safari yako ya kazini. Ikiwa myeupe, mwagilia mpaka maji yachuruzike chini, kisha mwache akauke. Kwenye joto la pwani, kwa okidi aliyetundikwa hewani, hiyo inaweza kuwa kila siku. Kwa aliye chunguni nyanda za juu, hata mara moja kwa wiki. Usiniulize ratiba, uliza mizizi.

Mwagilia asubuhi, ili majani yakaukie juani. Maji yakilala usiku kwenye kitovu cha majani, kuoza huanzia hapo, na kwa Angraecum na Vanda, ambazo hukua kwa ncha moja tu, ncha ikioza habari imeisha. Yakituama, yafyonze kwa ncha ya kitambaa. Na kama maji ya kisima chako yana ladha ya chumvi, weka pipa chini ya ukingo wa paa la bati ukinge ya mvua; ndiyo waliyoizoea.

5. Jaribio la kivuli cha mkono

Mwanga ndio unaoleta ua, lakini jua la saa saba linachoma. Upime vipi bila kifaa? Saa sita mchana, nyoosha mkono juu ya jani, kama urefu wa rula hivi. Kivuli chenye kingo kali kama kimekatwa kwa mkasi: jua limezidi. Kivuli hakionekani: giza limezidi. Kivuli laini, chenye kingo za ukunguukungu: hapo hapo, usimsogeze!

Jani nalo hutoa ushahidi. Kijani kizito kinachopendeza machoni kinamaanisha okidi ananenepa gizani na hana mpango wa kuchanua. Kijani chenye umanjano kidogo ndicho cha maua. Chini ya mwembe ni pazuri. Chini ya neti ya kivuli ya nusu kwa nusu pia.

6. Mtundike upande unakotoka upepo

Hiki nakipenda kuliko vyote, na ni cha bure. Harufu husafiri na upepo, si ndiyo? Kwa nini basi tunatundika okidi upande wa nyuma ya nyumba, harufu ikaishia kwa mbuzi wa watu?

Watu wa pwani tuna bahati ya upepo unaoeleweka. Kusi likivuma, kuanzia mwezi wa nne au wa tano hadi wa tisa hivi, hutoka kusini. Mtundike okidi aliyechanua kwenye dirisha la kusini. Kaskazi likishika, Desemba hadi Machi, mhamishie dirisha la upande wa pili. Weka kulabu mbili tangu mwanzo, kila upande yake, kazi ya kuhama iwe nusu dakika. Usiku fungua dirisha, lala, uchukuliwe.

Upepo huo huo hukausha majani na kufukuza ukungu, kwa hiyo okidi mwenyewe atashukuru.

7. Weka miadi ya usiku

Kwa nini harufu itoke usiku? Kwa sababu mgeni anayealikwa huja usiku. Mnamo Januari 1862 Charles Darwin alipokea maua ya Angraecum sesquipedale kutoka kwa mpenzi wa okidi aitwaye James Bateman. Nyuma ya ua kulikuwa na mrija mrefu kama mkia, yapata sentimita 29, na asali yake imekaa chini kabisa. Nani atakayeifikia? Darwin akasema lazima Madagaska yupo nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Wapo waliomcheka. Alifariki mwaka 1882 bila kumwona, na mwaka 1903 nondo huyo akaandikwa na wanasayansi na kupewa jina praedicta, yaani aliyetabiriwa.

Kwa hiyo wewe, ukikaa na ua hilo barazani saa mbili usiku, unavuta harufu ambayo kwa kweli imeandaliwa kwa ajili ya nondo. Hakuna ubaya, karibu. Ila usikate tamaa ua likifunguka leo lisinukie; lipe siku moja mbili likomae. Na usiwashe udi saa hizo! Udi ni mkubwa, utalifunika. Kila jambo na siku yake.

8. Ndizi mbivu zikae mbali

Matunda yanapoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo huzeesha maua. Bakuli la ndizi na embe mezani, okidi aliyechanua kando yake: picha nzuri, mwisho mbaya. Maua yatasinyaa kabla ya wakati wake. Moshi wa jiko la mkaa una gesi hiyo hiyo, kwa hiyo ukitaka kumleta ndani wageni wamwone, sebuleni sawa, jikoni hapana.

9. Mbolea kama chumvi kwenye mchuzi

Juu ya tawi chakula ni kinyesi cha ndege na majani yaliyooza, tena kiduchu. Chukua mbolea ya kuyeyusha majini, ile ya 20-20-20, upime robo tu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, umpe mara moja kwa wiki anapotoa mizizi na majani mapya. Mara moja kwa mwezi mmiminie maji matupu mengi, yasafishe chumvichumvi iliyobaki. Akiwa amepumzika, hana chipukizi wala ncha za mizizi za kijani, mwache apumzike. Hata wewe hupendi kuamshwa ule.

10. Kabla ya kutundika, fikiria uzito

Okidi kubwa haikai ndogo ilivyokuja. Mwaka 1851, kwenye maonyesho makubwa ya London, aliletwa Grammatophyllum speciosum, okidi wa Asia anayetajwa kuwa mkubwa kuliko wote, mwenye uzito wa tani mbili. Tani mbili za ua! Yako haitafika huko, lakini Ansellia wa miaka kadhaa, akiwa amelowa, anaweza kung'oa msumari uliopigiwa nyundo mara mbili kwa haraka za Jumapili. Tumia kulabu ya skrubu kwenye boriti, si kwenye dari ya ubao mwembamba, na mnyororo badala ya kamba ya katani. Usimtundike juu ya mlango. Wala juu ya gari.

Na ukiona Ansellia ametoa mizizi inayotazama juu kama sindano, usiikate ukidhani imepotea njia. Ni kapu lake la kunasa majani makavu yanayodondoka. Yakioza, ndiyo chakula. Mdondoshee mawili matatu, utamfurahisha.

11. Ukiona sisimizi, fuata msafara

Sisimizi wenyewe hawana neno na okidi. Wanafuata utomvu mtamu wa vidung'ata, wale weupe kama pamba, au wa wadudu magamba waliojibana chini ya jani. Msafara unapoishia ndipo walipo. Chovya pamba kwenye spiriti, wapanguse mmoja mmoja, rudia baada ya wiki, kisha rudia tena, maana mayai hayakusikia habari ya mara ya kwanza. Konokono hula chipukizi na ncha za mizizi usiku; toka na tochi. Si kazi ngumu, na miadi ya saa mbili ulikuwa nayo tayari.

12. Akijaa, mgawe, msituni usiende

Kila baada ya miaka miwili hivi makumbi huoza na kushikana. Subiri ncha mpya za mizizi zitokeze, ndipo umhamishe. Ukimhamisha akiwa amelala, mizizi ya zamani itaumia na mipya haipo. Loweka chungu kwanza ili mizizi iliyong'ang'ania ilainike. Cattleya, Cymbidium na Ansellia hugawika: kila fungu liwe na mabua matatu au manne, si pungufu, na pitisha kisu motoni kabla ya kila mmea, kwa kuwa virusi husafiri na kisu kichafu. Angraecum hapendi kabisa kuguswa mizizi. Akihamishwa anaweza kununa msimu mzima, kwa hiyo mweke tangu mwanzo kwenye chombo atakachodumu nacho.

Mtu akikuletea okidi aliyetolewa mtini msituni, hata kwa bei ya kutupa, kataa. Biashara ya kimataifa ya okidi zote iko chini ya mkataba wa CITES, na Ansellia amepungua sana porini kwa sababu ya wachumaji. Tumeshaona kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania jinsi viazi vya okidi za ardhini vilivyochimbwa na kuvushwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda. Ndiyo sababu mojawapo ya Kitulo, mahali wenyeji wanapopaita Bustani ya Mungu, kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Tena wa msituni huja na wadudu wake, na wengi hufa mwaka wa kwanza.

Fungu utakalotoa wewe kwenye chungu chako halina shida hizo. Liandikie jina na mwezi lilipochanua kwenye kipande cha plastiki, ulichomeke pembeni, ulisogeze karibu na geti. Jirani ambaye amekuwa akinusa bure miezi yote hii atabisha hodi mwenyewe.